Namna ya Kupiga Picha za Mibuyu ya Bagamoyo

Wengi wanaokuja Bagamoyo na kamera huusogelea mbuyu hadi wakakaribia kuligusa gome, wakaelekeza lenzi juu na kubonyeza. Wakifungua picha nyumbani hukuta shina limelala kinyumenyume kana kwamba linaanguka. Nami nilianza hivyo hivyo, na picha zangu za mwaka wa kwanza simwonyeshi mtu.

Hatua ya kwanza ni kuchagua msimu. Wakati wa kiangazi mbuyu hupukutisha majani yote, na hapo ndipo umbo la matawi huonekana wazi dhidi ya anga. Mvua za vuli zikikaribia majani huchipua na maua huanza, hivyo mti ule ule huwa na sura nyingine kabisa.

Hatua ya pili ni saa. Kwa kuwa bahari yetu iko mashariki, jua la asubuhi hutokea majini na kulipiga shina la mbuyu wa Kaole, kwenye magofu ya kale karibu na Bagamoyo, kutoka ubavuni ukisimama upande wa kusini au wa kaskazini. Mwanga huo wa kulala ndio unaoonyesha mikunjo na makovu ya gome; ule wa saa sita mchana hulifanya shina lote kuwa bapa na la kijivu. Uwe umeshafunga tripodi, yaani kigoda cha miguu mitatu cha kamera, kabla ya saa kumi na mbili na nusu, maana huku karibu na Ikweta jua hupanda upesi.

Hatua ya tatu, ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, ni kurudi nyuma. Simama mbali, tumia lenzi ya milimita 50 au 85, na uishike kamera sawasawa bila kuiinamisha wala kuiinua, ndipo shina litakaposimama wima. Mwombe mwenzako asimame chini ya mti, kwa sababu bila mtu mtazamaji hana kipimo cha unene wake. Ukikuta vitambaa vimefungwa kwenye shina au sadaka imewekwa mizizini, usiviguse wala kuvisogeza ili kuipendezesha picha. Waulize wenyeji kwanza.

Mipangilio ya kamera haina mengi: ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, na kasi ya shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuingia, kwa kadiri ya mwanga.

Hatua ya nne ni kukaribia sasa, kwa makusudi. Kwenye mbuyu wa misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868, kuna kipande cha mnyororo kilichomezwa na shina, na wenyeji husimulia kuwa kilifungiwa punda. Lete mwanga wa pembeni, hata wa tochi ya simu, ili mdomo wa gome uliouziba mnyororo utupe kivuli. Ua la mbuyu nalo hufunguka jua linapozama, likining'inia kichwa chini na petali nyeupe, na popo hulifuata usiku. Kufikia kesho yake huwa limeanza kunyauka na kugeuka kahawia. Weka fokasi mapema kungali na mwanga, na flashi iwe ubavuni, kwa sababu ikitoka mbele weupe wa petali huungua, yaani hung'aa mno hadi alama zake zikapotea pichani.

Kabla ya kuifunga kamera, futa lenzi kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kwani upepo wa bahari huacha chumvi ambayo ukiisugua ikiwa kavu huikwaruza lenzi.