SOMO: Dokumentari na muvi, ninavyoziongoza zote mbili (soma kabla ya kuuliza)

Wakuu, kila wiki meseji ni ileile: "Kaka, unaanzaje?" Naandika mara moja. Ukiniuliza tena nakurudisha hapa.

1. Kamera: simu uliyonayo.

2. Kibali cha Bodi ya Filamu na ruhusa ya mwenye eneo. Mapema.

3. Maandishi. Muvi naiandika kabla ya kushuti. Dokumentari naiandika mara mbili: ukurasa mmoja wa ninachodhani nitakikuta, halafu upya wakati wa kuhariri, ukurasa ule ukishaniumbua.

4. Kuzoeana na mhusika. Hapa nilichemsha. Nilimfuata mzee mmoja Bagamoyo, fundi wa majahazi. Siku ya kwanza sikutoa kamera. Tukanywa kahawa, nikauliza kila kitu, naye akanisimulia jahazi lililopinduka na mwanawe, alivyolitambua ufukweni kwa kiraka alichokipigilia mwenyewe. Nikasisimka mwili. Kesho yake kamera inawaka, nauliza lilelile, ananijibu: "Si nilikwambia jana?" Akamaliza kwa sentensi tatu, kama anayelipa deni.

Kwa hiyo siku ya kuzoeana ongeeni bei ya mbao, mvua, Simba na Yanga. Swali lililokupeleka usiliguse. Akilianza mwenyewe, mwambie: "Hilo mzee niwekee, nataka nilisikie vizuri."

ONYO: usiseme "rudia kama jana." Umeshamgeuza mwigizaji, tena asiyelipwa. Ukikwama, mkalishe na mtu asiyeijua habari hiyo, mjukuu wake kwa mfano, amsimulie huyo.

ONYO la pili: hata kwenye muvi. Waigizaji wapya wafanyishe mazoezi ya kuingia, kukaa, kushika sufuria. Kilio kiache mpaka siku yenyewe.

5. Sauti: kila eneo rekodi nusu dakika ya kimya chake, wote mmenyamaza.

6. Hariri. Mhusika aione kabla ya watu wengine.

MASWALI

Kibua: Mkuu somo zuri. Kamera gani inafaa kuanzia?
— Hatua ya 1.

Kibua: Ila simu yangu ya kawaida sana.
— Hatua ya 1.

Changu Doa: Kumleta mjukuu si maigizo hayo? Dokumentari ni ukweli mtupu.
— Huo mtupu uliuona wapi? Robert Flaherty, kwenye filamu yake ya 1922 kuhusu Wainuit wa Kanada, alikuta nyumba ya barafu haitoshi kamera wala mwanga. Ikajengwa kubwa zaidi, upande mmoja wazi. Hilo namsamehe. Ila aliwawindisha kwa vyusa wakati bunduki walikuwa nazo. Pale aliwavisha maisha ya babu zao akayaita ya leo. Mjukuu wangu mimi ni mjukuu kweli, na habari hakuwahi kuisikia.

Binti Pangani: Kaka, nataka akina dada wachuuzi wa samaki pale Feri waigize maisha yao wenyewe, kwa majina ya kujipachika. Ila kelele za pale ni balaa. Itawezekana?
— Itawezekana sana dada, na wazo ni zuri. Jean Rouch alifanya hivyo Abidjan miaka ya 1950 na vijana wa Niger waliofuata vibarua. Walijiita majina ya mastaa wa sinema. Kamera yake haikunasa sauti pamoja na picha, basi Oumarou Ganda, kibarua wa bandarini, akaja kuiangalia filamu na kuiongelea juu yake, mengine akiyatunga palepale. Baadaye Ganda akawa muongozaji mwenyewe. Shuti picha Feri, kisha waite dada zako chumba tulivu, waangalie, waongee. Wakijicheka, usizime maiki.

Papa Shilingi: Chumba tulivu Dar hii?
— Gari, vioo juu, injini imezimwa. Utatoka jasho.

Binti Pangani: Mimi huingia kabatini, katikati ya nguo.
— Hilo nalichukua. Nyumbani zima na feni na friji. Funguo zako zitie ndani ya friji hilo, vinginevyo utaondoka hujaliwasha na samaki wa watu wataoza.