Siku ya Kwanza Toronto kwa Ndugu Wawili Waliotoka Mwanza

Majira ya baridi, Toronto huwa nyuma yetu kwa saa 8, kwa hiyo kule ikitimia saa moja jioni, mwili uliotoka Mwanza unahesabu saa tisa usiku na kudai kitanda. Msiukubalie. Tokeni nje mchana, kwa kuwa mwanga ndio unaouzoesha mwili saa mpya, na jua la Desemba huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa. Mmoja akijilaza, mwenzake akae macho amwamshe.

Kabla ya safari, pitieni mitumba ya soko la Mlango Mmoja, pale Mwanza, mtafute sweta za sufu na makoti mazito, kisha mvae nguo kadhaa moja juu ya nyingine, maana hewa inayonaswa kati yake ndiyo inayotunza joto. Masikio yafunikwe. Mimi na mdogo wangu tuliteremka hadi ufukweni mwa Ziwa Ontario tukidhani ziwa ni ziwa, upepo ukanitoa machozi yakaganda kwenye kope, naye akavua skafu yake akanizungushia usoni bila kusema neno.

Tulihamia PATH, njia za chini ya ardhi zenye urefu wa zaidi ya kilomita 30 katikati ya jiji, na huko ndiko ninakowashauri mtembee, mkipanda juu mara kwa mara kufuata mwanga. Laleni saa tatu usiku. Mkizinduka usiku wa manane, bakini gizani bila kugusa simu.