SOMO: Kusoma, kusafisha na kuchora data kwa R, na kwa nini uhesabu mapengo kwanza

Habari zenu wakuu. Somo hili ni la wale walioshaweka R (programu ya kuchambua na kuchora data kwa kuandika amri) kwenye kompyuta, wakaifungua, wakakutana na alama ya > na ukimya. Sitaanza na historia wala nadharia. Tutachukua data moja, tuifuate kuanzia jedwali hadi picha.

Hatuhitaji kupakua chochote. R huja na data za mazoezi ndani yake, na moja naipenda kwa sababu ni chafu kama data za kweli. Inaitwa airquality: vipimo vya hewa vya New York, siku kwa siku, kuanzia Mei hadi Septemba 1973. Andika:

hewa <- airquality
dim(hewa)
head(hewa)
str(hewa)

Mshale wa <- maana yake "weka cha kulia ndani ya jina la kushoto". Nimeipa data jina jipya ili ya asili ibaki salama. Nikiharibu, narudia mstari huo mmoja tu. Amri ya dim itakujibu 153 na 6, yaani mistari 153 na safu 6 za wima. Ukiangalia head (mistari ya mwanzo), siku ya kwanza ina ozoni 41, upepo 7.4 na joto 67. Usishtuke na hilo joto, ni Fahrenheit. Sasa shuka hadi mstari wa tano, siku ya tano ya Mei. Pale kwenye ozoni hakuna namba, kuna NA.

HATUA YA 1: hesabu mapengo

Hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu, mnivumilie. NA si sifuri. NA ni R inakwambia "hapa palitakiwa kuwa na namba, siijui". Ndiyo maana ukiandika mean(hewa$Ozone), yaani wastani wa safu ya Ozone iliyo ndani ya hewa, unajibiwa NA. Wengi hukasirika, lakini jibu ni la haki kabisa: kama siku 37 hazijulikani, wastani wa siku zote 153 utajulikanaje? Ukitaka wastani wa zile zilizopimwa tu, lazima useme mwenyewe:

mean(hewa$Ozone, na.rm = TRUE)

Utapata 42.13. Basi watu huishia hapo, na.rm = TRUE inakuwa kama chumvi, inanyunyiziwa kila mahali bila kuonja. Kabla ya kuinyunyizia, uliza mapengo yako wapi:

colSums(is.na(hewa))
tapply(is.na(hewa$Ozone), hewa$Month, sum)

Amri ya kwanza inakupa mapengo kwa kila safu: ozoni 37, mionzi ya jua 7, kwingine sifuri. Ya pili inagawa yale 37 ya ozoni kwa miezi: Mei 5, Juni 21, Julai 5, Agosti 5, Septemba 1. Soma tena Juni. Siku 30, zilizopimwa 9. Na ukizitazama moja moja, kuanzia tarehe 21 hadi mwisho wa mwezi hakuna kipimo hata kimoja. Wekeni hilo akilini, tutalirudia kwenye kuchora.

HATUA YA 2: tengeneza safu utakazotumia

hewa$Joto <- (hewa$Temp - 32) / 1.8
hewa$Mwezi <- factor(hewa$Month, levels = 5:9, labels = c("Mei", "Juni", "Julai", "Agosti", "Septemba"))
hewa$Tarehe <- as.Date(paste(1973, hewa$Month, hewa$Day, sep = "-"))

Mstari wa kwanza unageuza joto kuwa Selsiasi. Zile 67 zinakuwa 19.4. Wa pili unaipa miezi majina na, muhimu zaidi, mpangilio. Ukiacha majina kama maandishi matupu, R itayapanga kwa alfabeti na Agosti itakuwa mwezi wa kwanza. Wa tatu unatengeneza tarehe ambazo R inazielewa kama tarehe.

HATUA YA 3: chora

Anza na wastani wa kila mwezi, halafu nguzo:

w <- tapply(hewa$Ozone, hewa$Mwezi, mean, na.rm = TRUE)
barplot(w, ylab = "Ozoni (ppb)")

Nguzo tano safi (ppb ni sehemu kwa bilioni). Mei 23.6, Juni 29.4, Julai 59.1, Agosti 60.0, Septemba 31.4. Picha nzuri ya kupeleka kwenye kikao, na inadanganya. Nguzo ya Juni imesimama kwa kujiamini sawa na ya Septemba, wakati moja imejengwa kwa siku 9 na nyingine kwa siku 29. Mimi mwenyewe niliwahi kuwasilisha nguzo za namna hii kazini. Mtu wa nyuma kabisa akauliza, "Mwezi huu mlipima siku ngapi?" Nilikuwa sijui. Zilikuwa nne.

Jaribu hii badala yake:

boxplot(Ozone ~ Mwezi, data = hewa, varwidth = TRUE, ylab = "Ozoni (ppb)")

Alama ya ~ isome "kwa kila". Kila mwezi unapata kisanduku: mstari mnene wa kati ni mediani (kipimo cha katikati ukivipanga kwa ukubwa), na kisanduku chenyewe kinabeba nusu ya katikati ya vipimo. Utamu uko kwenye varwidth = TRUE. Inafanya upana wa kisanduku ufuate wingi wa vipimo, kwa hiyo Juni inatoka nyembamba na mtazamaji anaiona hata kabla hujafungua mdomo.

Sasa mstari wa muda:

plot(hewa$Tarehe, hewa$Ozone, type = "l", xlab = "", ylab = "Ozoni (ppb)")

Mstari utakatika kila penye NA, jambo jema. Lakini kuna mtego: kipimo kilichobaki peke yake kati ya mapengo mawili hakina wa kuunganishwa naye, basi hakichorwi kabisa. Tarehe 7 Juni ilipimwa 29, tarehe 13 ikapimwa 23, na zote mbili hazionekani. Badilisha type = "l" iwe type = "o" uone nukta zikijitokeza.

Kuhusu joto na ozoni, plot(Ozone ~ Joto, data = hewa) inatosha. Wingu la nukta linapanda kwenda kulia, ila si kwa mstari ulionyooka: upande wa baridi limelala, kwenye joto linainuka ghafla. Ukiomba cor(hewa$Ozone, hewa$Joto, use = "complete.obs") utapewa 0.698, namba ya jinsi viwili hivyo vinavyokwenda pamoja kwa mstari ulionyooka (mwisho wake ni 1), ambayo haikwambii lolote kuhusu huo mpindo.

HATUA YA 4: hifadhi picha

png("ozoni.png", width = 1600, height = 1000, res = 200)
boxplot(Ozone ~ Mwezi, data = hewa, varwidth = TRUE)
dev.off()

Ukisahau dev.off(), faili halifungwi, na michoro yako inayofuata haitaonekana kwenye skrini.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nimesoma faili langu kwa read.csv, safu zote zimeingia kwenye safu moja. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea, faili lako limetenganishwa kwa nukta-mkato badala ya koma. Lifungue kwenye programu ya maandishi ya kawaida uhakikishe, kisha tumia read.csv2. Hiyo inategemea nukta-mkato kati ya safu na koma kwenye desimali. Kama desimali zako ni za nukta, baki na read.csv na uongeze sep = ";".

Swali: Nimechuja siku zenye ozoni zaidi ya 100 kwa hewa[hewa$Ozone > 100, ] nikapata mistari 44! Nimehesabu kwa macho, ziko saba.

Jibu: Macho yako yako sahihi. 7 na 37 ni 44. Ukiuliza kama NA ni kubwa kuliko 100, jibu ni NA, na mabano ya mraba yanakurudishia mstari mtupu kwa kila NA. Tumia subset(hewa, Ozone > 100), yenyewe inayaacha. Na usijaribu kutafuta mapengo kwa == NA, hutapata kitu; ni is.na peke yake.

Swali: Safu yangu ni namba tupu lakini R inasema ni maandishi.

Jibu: Kuna seli ambayo si namba. Mara nyingi ni mtu aliyeandika "-" mahali pasipo na kipimo. Moja tu inatosha kugeuza safu nzima. Soma upya kwa na.strings = c("", "NA", "-"). Na kama str (amri inayoonyesha aina ya kila safu) inakuonyesha Factor, yaani makundi (matoleo ya kabla ya R 4.0.0 ya mwaka 2020 yaligeuza maandishi yote hivyo), usikimbilie as.numeric moja kwa moja. Itakupa namba za mpangilio, 1, 2, 3, badala ya vipimo vyako, na haitakuonya. Pitia as.numeric(as.character(...)).

Swali: Mwalimu, kwa nini tusitumie ggplot2? Naona ndiyo ya kisasa.

Jibu: Itumie, mimi pia naitumia kwa picha za kuchapishwa. Nimeanza na plot kwa sababu haihitaji kifurushi cha ziada. Kisanduku chetu kinakuwa hivi:

library(ggplot2)
ggplot(hewa, aes(Mwezi, Ozone)) + geom_boxplot(varwidth = TRUE)

Kitu kimoja ggplot2 inazizidi amri zangu: itakuonya kuwa mistari 37 imeondolewa. plot na boxplot zinaondoa kimya kimya.

Swali: Si rahisi kujaza mapengo yote kwa wastani, tukaendelea na kazi?

Jibu: Rahisi ni rahisi. Fanya hesabu ya Juni tuone. Vipimo 9 vina jumla ya 265. Jaza siku 21 zilizobaki kwa wastani wa jumla, 42.13, ugawe kwa 30. Wastani wa Juni unaruka kutoka 29.4 hadi 38.3, na hakuna aliyepima chochote. Zaidi ya hapo, siku 21 zenye namba ileile zitafanya Juni ionekane mwezi mtulivu kuliko yote. Ukiwa huna budi kujaza, weka safu ya pembeni inayosema ipi ni ya kupimwa na ipi ni ya kujazwa, na uzichore kwa rangi mbili.