Inekwaliti: kokotoa, halafu jikague kabla hujakusanya karatasi

Wanangu wa kidato cha kwanza na cha pili, njooni tumalize hii kitu ya inekwaliti, yaani hesabu yenye alama ya kubwa au ndogo badala ya sawasawa, maana kwenye madaftari ya tuisheni naona kinachowaangusha sio hesabu yenyewe, ni ile alama ya kubwa na ndogo tu.

Njia ni ileile ya mlinganyo, ila ukizidisha au ukigawanya pande zote kwa namba hasi, alama inageuka. Kwa nini? Chukua 2 < 5, kweli kabisa. Zidisha zote kwa −1 unapata −2 na −5, na sasa −2 ndo kubwa, kwa hiyo usipogeuza utakuwa umeandika uongo.

Tufanye hii: 7 − 3(x − 2) < 22

Hatua ya 1: fungua mabano. −3 mara −2 ni +6, hapa wengi wanaandika −6 halafu wanatembea vizuri mpaka mwisho na jibu bovu, inauma sana. Inakuwa 7 − 3x + 6 < 22, yaani 13 − 3x < 22.

Hatua ya 2: toa 13 pande zote: −3x < 9. Alama imebaki hivyohivyo, kujumlisha na kutoa hakugeuzi kitu.

Hatua ya 3: gawanya kwa −3, geuza: x > −3.

Ila msigeuze ovyo! 4x < −12 unagawanya kwa 4, hiyo ni chanya, jibu ni x < −3 na alama haiguswi. Angalia namba unayogawanyia, sio hasi uliyoiona upande wa pili.

Hatua ya 4, ambayo watu wanairuka: jikague kwa namba tatu, ukizirudisha kwenye swali la mwanzo kabisa. Weka x = −3, unapata 22, sawasawa na upande wa kulia, basi mpaka uko sahihi. Weka 0, unapata 13, ni ndogo kuliko 22, poa. Weka −4, unapata 25, inakataa, na ndo tunavyotaka. Ukiishia kwenye −3 peke yake hutajua kama alama umeielekeza vibaya.

Kwenye mstari wa namba, −3 ichorewe duara tupu kwa sababu 22 < 22 sio kweli. Ingekuwa ≤ ungelijaza.

Jaribu 5 − 2x ≥ 1. Ukipata x ≥ 2 rudi hatua ya 3.