Okidi nene na okidi nyembamba hazipimwi kwa mizani moja

Wapenzi wa okidi wa Mombasa, okidi za jamii ya Phalaenopsis si zote zina hesabu moja ya kromosomu (vijiuzi vya ndani ya seli vinavyobeba urithi). Ya kawaida ina 38. Iliyozidishwa maradufu ina 76: majani mazito, ua la duara lililojaa, petali ukizigusa utadhani ganda la embe bichi. Lakini hukua taratibu, basi usiizidishie mbolea ati ifikie wenzake. Yangu nimeipanda kwenye makumbi ya nazi niliyoyaroweka siku kadhaa na kuyasuuza kwa maji ya mvua (maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na mizizi huungua), kisha nikaitundika barazani upepo upite.

Kwenye kuamua ipi bora, usiiweke ya 38 kando ya ile ya 76 ukasema ni duni kwa udogo wa ua. Naona hiyo ni dhuluma. Tazama wingi wa maua, yalivyojipanga kwenye kikonyo, na rangi.

Ukizichavusha hizo mbili, ya 38 na ya 76, watoto wengi huwa na 57. Huchanua vizuri sana, ila mbegu zao ni adimu.