Kuchangishia kituo kidogo cha watoto kwa WhatsApp: usikosee namba ya malipo

Juzi nilimsaidia mama mmoja wa Mbagala, Dar es Salaam, mwenye kituo cha watoto 14, kuomba magodoro mtandaoni. Tulikuwa na simu moja na bando la wiki, matangazo ya kulipia hatukugusa.

Hatua ya 1: Omba kitu kimoja chenye hesabu
"Saidia yatima" watu wanaipita. Andika "magodoro 6 ya futi mbili na nusu, tumepata 2".

Hatua ya 2: Namba ya kuchangia
Hapa ndipo tulipopotezea siku mbili. Tuliweka namba ya simu ya mhasibu wa kituo. Status ikatazamwa na watu zaidi ya mia, haikuingia hata shilingi. Mwishowe binamu yangu akanipigia: "Kaka, nilitaka kutuma, limetokea jina la mwanaume simjui, nikaghairi." Ana haki. Nani hapa mjini hajapata meseji ya matapeli ya "ile hela tuma kwenye namba hii"?

Dawa yake ni Lipa Namba, ile namba ya kupokelea malipo ya simu, yenye jina la kituo. Nenda duka la mtandao wako wa simu na cheti cha usajili, kitambulisho cha NIDA na TIN (namba ya mlipakodi), lakini piga simu kwanza uulize karatasi zote. Sisi tulirudishwa kwa kukosa moja tu. Ukiipata usiitangaze bado. Jilipie 1,000 usome jina linalotokea. Letu lilitokea limekatwa katikati, basi kwenye tangazo tukaliandika vilevile lilivyokatwa, herufi kwa herufi. Namba iwe moja, ya mtandao mmoja. Na itume kama maandishi, isikae ndani ya picha tu, maana mtu anataka kuinakili, siyo kuikariri.

Hatua ya 3: Picha
Piga mchana, mlango wazi. Sura za watoto usiweke: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti, na hata isingekuwepo, mtoto huyo kesho ana wenzake shuleni. Sisi tulipiga godoro lililopasuka, sponji imetoka nje. Lilitosha. Yale mabango ya rangi saba yenye mikono iliyoshikana mimi siyapendi kabisa.

Hatua ya 4: Sambaza
Instagram ilituletea "like" nyingi, hela zikaja kwa WhatsApp. Ujumbe wa orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast list) unawafikia waliohifadhi namba yako tu, hivyo waombe mapema waihifadhi. Status inafutika baada ya saa 24, irudie kila jioni. Anza mshahara ukitoka. Tarehe 15 watu wanakopa.

Hatua ya 5: Rudisha jibu
Siku hiyohiyo mzigo unapofika. Tulirekodi guta likishusha magodoro, kisha tukaweka risiti ya duka, namba ya muuzaji tumeiziba, na chini yake jumla ya iliyoingia na chenji iliyobaki. Chenji ilinunua mashuka mawili. Nayo tuliyapiga picha.