SOMO: Kumpeleka mtoto mdogo sinema kwa mara ya kwanza (miaka 2 mpaka 4), toka maandalizi ya nyumbani mpaka mnatoka ukumbini

Habari zenu wazazi wenzangu. Likizo ndo hiyo inakuja na swali la mtoto mdogo kwenda sinema linaulizwa kila mara, na majibu huwa ni mawili tu, ama "mpeleke tu atazoea" ama "subiri aanze shule kwanza". Mimi nasema anaweza kwenda na akafurahi kabisa, ila hiyo safari iwe ya kwake, isiwe ya muvi. Yaani uingie ukumbini ukiwa umeshakubali moyoni kwamba mnaweza kutoka dakika ya 30 na hela ya tiketi imeenda. Ukiingia na nia kwamba lazima iishe ndo mtoto unaanza kumkazania kaa, nyamaza, tazama mbele, analia, watu wanageuka, wewe unapata hasira, na siku nyingine ukimtajia sinema anagoma kuvaa viatu.

Niko Dar kwa hiyo picha niliyonayo kichwani ni ya kumbi za huku kwenye mamoli, pale Mlimani City na kwingine, ila hatua ni zilezile popote ulipo.

HATUA YA 1: Umri
Chini ya miaka miwili muache. Shirika la Afya Duniani (WHO) kwenye mwongozo wao wa 2019 walisema mtoto chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku na ikipungua ndo vizuri zaidi. Sasa muvi ya katuni peke yake inakaribia saa moja na nusu, ongeza matangazo na trela, kwa hiyo hata hesabu yenyewe inakwambia kutoka katikati sio hasara. Na siku hiyo TV ya nyumbani na simu ziwe zimepumzika. Kwa maoni yangu miaka mitatu ndo umri mzuri, anaelewa ukimwambia "tunaenda wapi" na anaweza kukwambia anaogopa.

HATUA YA 2: Muvi yenyewe
Katuni sio lazima iwe ya watoto wadogo, hilo naomba tuelewane. Alama ya PG ya Wamarekani inamaanisha mzazi utumie busara zako, haimaanishi inamfaa mtoto wa miaka mitatu. Walioko Kenya tafuteni zenye alama ya GE ya KFCB, ile bodi ya filamu ya Kenya, hiyo ni ya watu wote. Alafu uliza mtu aliyeiona, au tazama trela yake wewe mwenyewe mtoto akiwa amelala, na uulize vitu viwili: kuna mzazi anakufa au mtoto anapotea humo ndani? kuna kukimbizwana gizani? Katuni nyingi sana zinaanza na mama au baba kufariki, sisi watu wazima tunaona ni hadithi tu lakini mtoto wa umri huo ndo jambo linalomtisha kuliko hata dubwana. Na 3D kwa huyu mdogo achana nayo, ile miwani inamwanguka puani kila dakika na akiivua picha anaiona mbilimbili.

HATUA YA 3: Mazoezi ya nyumbani
Wiki moja kabla, jioni zima taa sebuleni, weka katuni fupi ya dakika 20, sauti juu kidogo ya kawaida, mkae pamoja kwenye kochi mnatazama mpaka mwisho bila kusimamisha. Mweleze kwamba kule taa zitazimwa hivihivi, TV ni kubwa kama ukuta na watu ni wengi, na haina rimoti. Hiyo ya rimoti wengi tunaisahau, watoto wa sasa wamezoea kurudisha nyuma na kuruka, akifika pale anadai rudisha alipopapenda na haelewi kwa nini unakataa.

HATUA YA 4: Siku na saa
Onyesho la kwanza la mchana, siku ya kazi kama unaweza. Watu wachache, hata akiongea hausumbui mtu. Usiende muda wake wa kulala, na usiende akiwa ametoka tu kuamka kwenye gari baada ya foleni ya Mwenge. Ingia dakika kama 10 baada ya muda ulioandikwa kwenye tiketi, maana mwanzoni ni matangazo na trela, na trela zenyewe wakati mwingine ni za muvi za kutisha hata kama nyie mmekuja kwenye katuni, alafu zina sauti kali. Ila usichelewe sana ukaingia giza limeshaiva, kupanda ngazi na mtoto mkononi gizani ni hatari.

HATUA YA 5: Siti
Omba siti ya pembeni mwa njia, upande wa mlango. Katikati ya mstari ukitaka kutoka utawasimamisha watu kumi. Kuhusu mbele au nyuma, kaeni katikati kuelekea nyuma, ila sio mstari wa mwisho kabisa na sio ukutani, kwa sababu zile spika ndogo zimefungwa kwenye kuta za pembeni na ukuta wa nyuma, na ukikaa chini yake inakuwa sikioni mwa mtoto moja kwa moja.

Afu kuna hili la kiti. Viti vya kumbi nyingi ni vya kujikunja vyenyewe kwa springi, vimetengenezwa kwa uzito wa mtu mzima. Mtoto wa kilo 12 au 13 ukimsukuma nyuma akaegemea vizuri, kiti kinaanza kupanda taratibu, magoti yanamfuata kifuani, na ghafla anaonekana viatu tu. Anashtuka vibaya, na wengine hapohapo ndo safari imeisha. Dawa yake ni uzito uwe ukingoni mwa kiti: weka begi lako pale ukingoni kando ya miguu yake, au uweke mkono wako muda wote. Kama ukumbi una vile vikalio vya plastiki vya watoto vya kuongezea urefu, omba mlangoni mapema kabla hujaingia. Ikishindikana mpakate, na wengi wanaishia hapo na hamna ubaya wowote.

HATUA YA 6: Sauti
Hapa naomba msome taratibu. Wazazi tunahangaika na picha, je itamtisha, wakati kinachowatoa watoto wadogo ukumbini mara nyingi ni sauti. Mfumo wa sauti wa sinema umewekwa hivi kwamba maongezi yanakuwa ya kawaida alafu mlipuko au ngurumo inaruka ghafla hadi desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) mia moja na kitu, na ile besi nzito inatoka chini ya skrini anaisikia kifuani. Kwa kulinganisha, WHO wanasema usikilizaji salama kwa mtoto ni kama desibeli 75 kwa saa 40 za wiki nzima, mtu mzima 80. Sisemi kwamba muvi moja itamtoboa ngoma ya sikio, hapana, sehemu kubwa ya muvi sauti iko chini ya kilele hicho. Ila sikio lake ni dogo, halijazoea, na kuna vya kufanya.

Cha kwanza nunua zile hedifoni za kuzuia kelele za watoto, zile kubwa za kufunika sikio lote, hazina waya wala muziki. Zinauzwa kwenye maduka ya vitu vya watoto na mitandaoni. Usimzibe na pamba, haizuii kitu cha maana na anaweza kuisukuma ndani. Mzoeshe kuzivaa nyumbani akicheza, ukimvalisha kwa mara ya kwanza gizani atazitupa. Cha pili, kama hana hizo, mfundishe kuziba masikio kwa viganja na mfanye wote kama mchezo. Cha tatu, sauti ikiwa kali kupita kiasi toka ukamwambie mhudumu, wana uwezo wa kuishusha, na kwenye onyesho la watoto la mchana sioni kwa nini wakatae ukiomba kwa ustaarabu.

HATUA YA 7: Kula, choo, baridi
Bisi msimpe. Najua ndo raha ya sinema, lakini madaktari wa watoto wanasema chini ya miaka minne bisi zinaweza kumpalia, zile punje ambazo hazijapasuka na yale maganda, na gizani humuoni anavyotafuna, labda kichekesho cha muvi kinamkuta na bisi mdomoni anacheka anavuta hewa nazo. Karanga vilevile. Beba ndizi, au mkate laini, na uliza mlangoni mapema kuhusu chakula cha mtoto maana kumbi nyingi hazitaki vya kutoka nje. Chooni mpeleke dakika ya mwisho kabla ya kuingia hata akisema hataki, na wa pampasi mbadilishe hapohapo. Kiyoyozi cha kule ni kikali, soksi na sweta, na kanga moja ya kumfunika.

HATUA YA 8: Mkiwa ndani
Mnong'oneze kinachoendelea, hasa kwa kuwa muvi nyingi ni za Kiingereza. Akishtuka mwonyeshe ile taa ya kijani ya mlango wa kutokea, mwambie "mlango ule pale, ukitaka tunatoka". Akisema twende, nyanyukeni hapohapo bila mjadala. Simameni nje dakika tano, anywe maji, umuulize kama anataka kurudi. Akikataa, mnunulie aiskrimu mkaondoke kwa furaha, na umsifu kwamba ameingia sinema leo. Atakumbuka hivyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama mapacha, Tabata: Dada asante kwa somo. Mimi nna mapacha wa miaka mitatu, mmoja jasiri mwingine mwoga hata wa blenda. Niende nao wote?
Jibu: Mama mapacha hongera. Nenda nao wote ila usiende peke yako, awepo mtu mzima kwa kila mtoto, ili mwoga akitaka kutoka yule jasiri asikatizwe. Na huyo wa blenda ndo wa kuvalishwa hedifoni toka mlangoni.

Baba wa binti mmoja, Nairobi: Mtoto akiongea kwa sauti na watu wakilalamika, nifanyeje? Naona aibu sana.
Jibu: Kaka, kwenye katuni ya mchana akiuliza "huyo nani?" hajakosea kitu, onyesho hilo ni la watoto. Akilia au kupiga kelele mfululizo toka naye, ukirudi mwambie jirani samahani. Usimfinye na usimzibe mdomo.

Bibi, Kinondoni: Wajukuu wangu mnawaandaa kama wanaenda mwezini. Sisi miaka ile tulikuwa tunajaza watoto kwenye gari tunaenda Drive-In pale Msasani, wanalala siti ya nyuma, hakuna aliyeogopa.
Jibu: Shikamoo bibi. Drive-In watoto waliipata vizuri kuliko hawa wetu, maana spika mlikuwa mnaining'iniza dirishani na sauti mnaipunguza wenyewe, na mtoto akichoka analala. Sasa hivi pale pana ubalozi wa Marekani na sinema zimebaki za ndani, hatuwezi kugusa sauti, ndo maana nasisitiza hizo hedifoni. Nakuomba bibi uende na mjukuu, akiwa mapajani mwako hataogopa.

Mama wa Songea: Huku kwetu hakuna ukumbi, kuna mabanda ya kuonyesha mpira na muvi tu. Nimpeleke huko?
Jibu: Bandani hapana, hewa ni ndogo, sauti hamna wa kuisimamia, na muvi inayofuata huijui. Azima projekta shuleni au kanisani, tundika shuka jeupe ukutani uani jioni, waite na watoto wa jirani, kila mtu na mkeka wake. Na siku mkipita Zanzibar kipindi cha tamasha la ZIFF, pale Ngome Kongwe wanaonyesha filamu uwanja wazi usiku, mtoto akichoka mnasogea Forodhani kula. Ila ulizia kwanza filamu ya siku hiyo, nyingi ni za watu wazima.

Mama wa Mbagala: Wangu ana mwaka na miezi minne, dada wa kazi amesafiri na mkubwa wa miaka sita anataka muvi. Nibebe wote?
Jibu: Mdogo muache kwa shangazi au jirani unayemwamini hayo masaa mawili. Ukikosa kabisa, mume aingie na mkubwa, wewe ubaki na mdogo nje mnazunguka, alafu mkubwa akitoka akusimulie muvi yote.